Baiskeli, Jua na Jangwa: Mambo ya Kujua Kabla ya Kushiriki Safari Ndefu

Katika miaka ambayo msafara wa baiskeli wa kutoka Cairo hadi Cape Town hufanyika, wakazi wa kata zilizo kando ya barabara kuu ya Babati–Dodoma huwaona wageni wakipita, mmojammoja au wawiliwawili, wakielekea kusini. Aghalabu huwa ni mwezi Machi, mvua zikiwa bado hazijakatika. Watoto hukimbilia barabarani kuwapungia mikono, na akina mama wauzao ndizi na maandazi hupata wateja wasiowazoea. Wageni wakishapita, maswali hubaki. Wanakwenda wapi? Wanashindania nini? Je, kijana wa hapa kwetu anaweza kushiriki?

Maswali hayo yaliletwa rasmi katika ofisi yetu hivi karibuni. Vijana sita wa mojawapo ya kata zetu walifika kuomba barua ya utambulisho ili wafanye safari yao wenyewe kwa baiskeli, kutoka hapa hadi Dodoma mjini na kurudi. Walipanga kuondoka mwezi Oktoba. Walikuwa na baiskeli, walikuwa na ari, na mmoja wao alikuwa na ramani aliyoichora kwa mkono. Walipoulizwa watabeba maji kiasi gani, walijibu kuwa kila mmoja angebeba chupa moja.

Halmashauri haikuwakatalia. Iliwaomba wasubiri, wajifunze kwanza, kisha warudi. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao na kwa kila mkazi anayetamani kushiriki safari ndefu ya baiskeli katika nchi kavu, iwe ni jangwani mbali na hapa au katika nyika zetu wenyewe.

MSAFARA WENYEWE NI UPI?

Msafara unaopita kwetu unajulikana kwa jina la Tour d'Afrique. Huandaliwa na kampuni yenye makao yake Toronto, nchini Kanada, na ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Huanzia Cairo, Misri, mwezi Januari, na huishia Cape Town, Afrika Kusini, mwezi Mei. Urefu wake ni takribani kilomita 12,000. Njia iliyozoeleka hupita Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya, Tanzania, Malawi, Zambia, Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Nchini kwetu wasafiri huingilia Namanga, hupumzika Arusha, kisha hushuka kupitia Babati, Dodoma, Iringa na Mbeya. Njia hubadilishwa pale usalama unapodai hivyo. Itakumbukwa kuwa vita vilizuka Sudan mwezi Aprili 2023, na msafiri yeyote mwenye busara hufuatilia kwanza hali ya nchi anazokusudia kupita.

Wengi hudhani kuwa hayo ni mashindano. Ni kweli kwamba wamewahi kuwapo washiriki waliohesabiwa muda wao kila siku na hatimaye mshindi kupatikana. Lakini sehemu kubwa ya washiriki huendesha kwa burudani, kwa kuona nchi na kwa kujipima nafsi. Miongoni mwao wamo wastaafu wenye zaidi ya miaka 60, na wapo wanawake kwa wanaume. Wengine hushiriki safari nzima; wengine hulipia kipande kimoja tu, mathalani kutoka Nairobi kuja kusini. Wapo pia wanaojiwekea nadhiri ya kutopanda gari hata mara moja, bali kuendesha kila hatua ya njia hadi baharini Cape Town. Nadhiri hiyo huwashinda wengi, kwa ugonjwa, kwa kuanguka au kwa baiskeli kuharibika, wala haihesabiwi kuwa aibu.

SIKU MOJA YA MSAFIRI

Msafiri huamka alfajiri giza likiwa bado nje, akakunja hema, akala uji na mkate, akaondoka mara kunapopambazuka. Wastani wa mwendo wa siku ni zaidi ya kilomita 100. Mizigo mikubwa hubebwa na magari ya msafara. Msafiri hubeba maji, vifaa vya kuzibia pancha na chakula kidogo. Penye njia panda hufungwa utepe wa rangi ili mtu asipotee. Katikati ya safari ya siku gari la chakula husubiri kando ya barabara, na hapo msafiri hujaza tena chupa zake. Akifika kambini hupewa supu yenye chumvi, huchomeka hema, hurekebisha baiskeli, na kabla ya chakula cha jioni wote hukusanyika kuelezwa njia ya kesho ilivyo. Baada ya siku kadhaa za mwendo huja siku ya mapumziko.

Utaratibu huu umeelezwa kwa makusudi. Anayemwona mgeni akipita peke yake na chupa mbili za maji hudhani kuwa chupa mbili zinatosha kuvuka nchi kavu. Haoni gari la maji lililo mbele, muuguzi wa msafara aliye nyuma, wala miezi ya mazoezi iliyotangulia. Vijana wetu sita walikuwa wameona chupa hizo mbili tu.

JANGWA NI NINI, NA SISI TUKO WAPI?

Wataalamu wa hali ya hewa aghalabu huita jangwa eneo lipatalo chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka. Mkoa wa Dodoma hupata zaidi ya hapo, takribani milimita 500 hadi 600 katika mwaka wa kawaida, kwa hiyo sisi hatuko jangwani. Tuko katika nchi ya nusu ukame. Hata hivyo mvua zetu huja katika msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayofuata huwa mikavu kabisa. Mwezi Oktoba mito ya mchanga imekauka, miti mingi imepukutisha majani, na kivuli ni haba. Kwa mwendesha baiskeli, Oktoba ya kwetu ni shule nzuri ya jangwa, lakini ni shule isiyomsamehe mwanafunzi mzembe.

Njia ya Cairo hadi Cape Town hupita katika nchi kavu za namna mbalimbali, na kila moja ina somo lake.

Kaskazini mwa Sudan lipo Jangwa la Nubia. Hapo barabara hunyooka kwa makumi ya kilomita pasipo mti wala nyumba, na upepo kwa kawaida huvuma kutoka kaskazini. Ndiyo sababu mojawapo ya msafara kuelekea kusini: upepo humsukuma msafiri mgongoni. Anayefuata njia hiyohiyo kuelekea kaskazini hupambana nao uso kwa uso, na kilomita 100 zaweza kumgharimu nguvu za kilomita 150. Usiku wa Januari huwa na baridi kali, na mchana jua huunguza.

Kaskazini mwa Kenya, baada ya Moyale kuelekea Marsabit, lipo Dida Galgalu. Si jangwa la mchanga bali ni uwanda mpana wa mawe meusi ya volkano. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, kipande hicho kiliogopwa kuliko vyote: mawe yalikata matairi, na matuta madogomadogo ya barabara, yaliyopangana mfano wa migongo ya bati, yalilegeza skrubu na kuvunja spoku. Leo lami imeifikia njia hiyo, lakini joto na upepo ni vilevile.

Kusini kabisa, nchini Namibia, lipo Jangwa la Namib, linalohesabiwa miongoni mwa majangwa ya kale zaidi duniani. Lina vilima virefu vya mchanga mwekundu, na ukungu utokao Bahari ya Atlantiki huingia nchi kavu na kuwanywesha wadudu na mimea. Barabara nyingi huko ni za changarawe, na ni huko ambako msafiri aliyechoka kwa miezi mitatu hutakiwa kuwa makini zaidi na usukani wake.

Je, kipande cha kwetu? Kabla ya barabara ya Babati–Dodoma, yenye urefu wa takribani kilomita 250, kukamilika kwa lami na kuzinduliwa mwaka 2018, kupita hapa Machi kulimaanisha kusukuma baiskeli kwenye tope. Leo wageni huteleza kwa saa chache mahali ambapo zamani hata basi lililala njiani.

JOTO HUFANYA NINI MWILINI

Mtu anapopiga pedeli, takribani robo tu ya nguvu inayozalishwa na misuli ndiyo husukuma baiskeli. Sehemu nyingine yote hugeuka joto ndani ya mwili. Mwili hulitoa joto hilo hasa kwa njia ya jasho: jasho linapokauka juu ya ngozi, ngozi hupoa. Katika hewa kavu jasho hukauka upesi mno kiasi kwamba mwendeshaji haoni kuwa anatoka jasho. Huona chumvi nyeupe tu kwenye shati lake. Upepo wa mwendo nao humpoza na kumdanganya. Hujihisi mzima hadi anaposimama, na hapo joto humpanda ghafla.

Mtu mzima anayeendesha juani anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, na pengine zaidi. Kwa hiyo safari ya saa sita yaweza kudai lita tano au sita. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Hakuna abebaye maji ya siku nzima bila kuhisi mzigo, na ndiyo maana safari ya nchi kavu hupangwa kwa kuhesabu vituo vya maji kwanza na kilomita baadaye.

Maji matupu pekee hayatoshi. Jasho huondoka na chumvi, na anayekunywa maji mengi mno bila chumvi wala chakula anaweza kudhurika vilevile, akapata kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa. Inafaa kunywa kidogokidogo kila mara na kula kitu chenye chumvi njiani: karanga za chumvi, mayai ya kuchemsha, chapati. Mchanganyiko wa ORS hupatikana katika zahanati na maduka ya dawa. Ukikosekana, chukua lita moja ya maji safi na salama, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge hadi viyeyuke. Usizidishe chumvi.

Dalili za awali za kuzidiwa na joto ni hizi: kiu kali, misuli kukaza, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi. Mwenye dalili hizo asimame, akae kivulini, avue kofia na viatu, alowanishwe maji, apepewe na anywe taratibu. Asiendelee na safari siku hiyo.

Hali ikizidi, mtu huanza kusema ovyo, kuyumba, kukasirika bila sababu au kupoteza fahamu, na mwili wake kuwa wa moto sana. Hicho ni kiharusi cha joto, na huua. Mwagie maji mwili mzima bila kusubiri, mpepee kwa nguvu, muite msaada, mpelekeni kituo cha afya mkiendelea kumpoza njiani. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu chochote. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

FUNZO NILILOLIPATA MWENYEWE

Mwandishi wa makala haya hayaandiki kwa kusoma tu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwanafunzi wa stashahada niliyerudi nyumbani likizo, niliweka dau na rafiki yangu kwamba ningeendesha baiskeli ya marehemu baba, Phoenix yenye karia ya chuma, hadi Dodoma kwa siku moja. Ulikuwa mwezi Oktoba. Nililala hadi kumekucha, nikanywa chai kwa raha zangu, nikaondoka saa 3 asubuhi na chupa moja ya lita moja na nusu. Sikumwambia mama ninakokwenda.

Hadi saa 5 nilikuwa najisifu moyoni. Saa 6 maji yalikwisha. Saa 7 mchana tairi la nyuma lilichomwa na mwiba wa mgunga, nami sikuwa na gundi wala kiraka. Nikaanza kusukuma. Ninakumbuka kwamba niliacha kuhisi joto, nikaona kama baridi inanipanda, na nikaudhika na baiskeli kana kwamba ni mtu. Baada ya hapo sikumbuki vizuri.

Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi alinikuta nimekaa katikati ya barabara nikizungumza peke yangu. Alinivuta hadi chini ya mbuyu, akanimwagia kichwani maji ya dumu lake, maji aliyoyabeba kwa ajili ya mifugo yake, kisha akasimamisha lori. Katika zahanati, muuguzi alinitundikia chupa mbili za maji na kuniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nyumbani wanajua uko wapi?" Sikuwa na jibu.

Kosa lilikuwa langu peke yangu. Barabara haikuwa na hatia, wala baiskeli, wala jua. Niliondoka nimechelewa, bila maji ya kutosha, bila vifaa, bila mazoezi na bila kuaga. Mtu akiyaepuka makosa hayo matano, amekwisha kufika nusu ya njia.

JINSI YA KUJIANDAA

Mazoezi. Anza walau miezi mitatu kabla. Endesha siku tatu kwa wiki: siku mbili fupi za kilomita 15 hadi 20, na siku moja ndefu. Siku ndefu ianze na kilomita 30, kisha iongezwe taratibu. Waendeshaji wengi hufuata kanuni ya kutoongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wiki. Karibu na mwisho, endesha siku mbili mfululizo, kwa kuwa anayeweza kilomita 80 leo huenda asiweze hata 30 kesho yake. Siku ya pili ndiyo humfunza mtu ukweli wa mwili wake.

Kuzoea joto. Mwili huhitaji takribani siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi juani ili kuzoea. Katika muda huo huanza kutoa jasho mapema zaidi na kupoteza chumvi kidogo zaidi. Anayetoka nyanda za baridi, au aliyekuwa akifanya kazi ya ofisini, asirukie safari ndefu pasipo hatua hii.

Saa za mwendo. Ondoka saa 11 alfajiri au mara tu barabara inapoonekana. Pumzika kivulini kuanzia saa 5 au 6 mchana hadi saa 10 alasiri. Usiendeshe usiku katika barabara kuu.

Mavazi. Shati jepesi la mikono mirefu na la rangi isiyokoza hulinda kuliko kifua wazi. Vaa kofia ngumu, na chini yake kitambaa kinachoshuka hadi shingoni. Miwani hukinga vumbi na wadudu. Wanawake wanaopenda kuvaa sketi au vazi la staha wanaweza kushiriki bila wasiwasi. Cha muhimu ni nguo isifike kwenye mnyororo wala spoku. Kidonda kinachowaondoa wengi safarini si cha kuanguka, bali michubuko ya makalio. Rekebisha urefu na pembe ya siti, oga au jifute kila jioni, badili nguo ya ndani, na paka mafuta mazito panaposuguana.

Baiskeli. Si lazima iwe ya giya nyingi, ingawa giya husaidia mlimani. Lazima iwe na breki mbili zinazokamata, matairi yasiyo na nyufa, beringi zisizolegea na spoku zilizokazwa sawa. Mpelekee fundi wiki mbili kabla, wala si jioni ya kuamkia safari, ili kasoro ijitokeze ukiwa bado nyumbani. Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, spana, kiungo cha mnyororo na waya wa breki. Penye mchanga na vumbi usiulowanishe mnyororo kwa oili nyingi: oili hukamata mchanga, na mchanga hula meno ya gurudumu kama msasa. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha tia tone moja tu kila kiungo. Penye mchanga mzito, punguza upepo wa tairi kidogo; ukirudi kwenye lami, jaza tena.

Kuaga. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye majina ya wasafiri, njia, vituo vya kulala na saa ya kupiga simu. Saa hiyo ikipita kimya, ajue la kufanya.

KWA ANAYETAKA KUSHIRIKI SAFARI ZA KIMATAIFA

Safari kama Tour d'Afrique ina ada kubwa, na hatupendi kumdanganya mkazi kwamba ni jambo jepesi. Hata hivyo yapo mambo ambayo kijana anaweza kuyatengeneza sasa, kwa sababu hayo ndiyo huulizwa kwanza kila anapotokea mfadhili au nafasi. La kwanza ni kuwa mwanachama wa klabu iliyosajiliwa, kwa kuwa Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) hufanya kazi kupitia vyama na klabu. La pili ni nyaraka: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na pasipoti. La tatu ni afya: uchunguzi wa mwili, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nchi kadhaa za njiani hukidai. La nne ni bima inayogharamia matibabu nje ya nchi. La tano ni kumbukumbu ya mazoezi: daftari linaloonyesha tarehe, kilomita na hali ya njia. Daftari la mwaka mmoja huthibitisha juhudi za mtu kuliko barua ya maombi.

Vilevile misafara ya namna hii huajiri. Huhitaji wapishi, madereva, mafundi wa baiskeli na wauguzi. Kijana anayeunda magurudumu kwa ustadi, tena anayezungumza Kiingereza cha kumwelewesha mgeni, ana mlango ambao wengi hawauoni.

HUDUMA ZINAZOPATIKANA

Usajili wa klabu. Afisa Utamaduni na Michezo wa Halmashauri hupokea na kuelekeza maombi ya kusajili klabu za michezo kwa mujibu wa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa. Andaeni katiba ya klabu, muhtasari wa kikao na majina ya viongozi.

Vibali vya safari ya kundi. Kundi linalokusudia kutumia barabara ya umma liwasilishe barua mapema kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, nakala kwa Afisa Michezo. Barabara kuu zipo chini ya TANROADS na barabara za wilaya zipo chini ya TARURA. Penye nia ya kufunga barabara au kuweka vituo kando yake, mamlaka husika lazima ishirikishwe.

Afya. Kila zahanati inaweza kupima shinikizo la damu. Wenye kisukari, magonjwa ya moyo, pumu au selimundu wapate ushauri wa tabibu kabla ya kuanza mazoezi, wala si baada ya kuzidiwa.

Mikopo. Kwa mujibu wa sheria, asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha ufundi na uuzaji wa vipuri vya baiskeli kinaweza kuomba kama kikundi kingine chochote. Maafisa Maendeleo ya Jamii wa kata watasaidia kujaza fomu.

Kambi za wageni. Kijiji kikiombwa uwanja wa kupiga kambi, makubaliano yafanyike kupitia Serikali ya Kijiji, malipo yapewe stakabadhi, na taarifa isomwe katika mkutano wa kijiji. Fedha ya uwanja wa kijiji si ya mtu mmoja.

WAJIBU WETU KANDO YA BARABARA

Wazazi na walimu wanaombwa kuwakataza watoto kuwarushia mawe au fimbo wapita njia wa baiskeli, pamoja na kuwakimbilia kwa karibu. Jiwe dogo likimpata mtu aliye katika mwendo laweza kumuua. Wafugaji wanaombwa kutoacha mifugo barabarani bila mchungaji. Madereva na waendesha bodaboda waache nafasi isiyopungua mita moja na nusu wanapompita mwendesha baiskeli, wala wasimpigie honi akiwa amekwisha kufikiwa. Haya si ya kuwafanyia wageni pekee. Mkulima anayerudi shambani na jembe kwenye karia, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwanafunzi wa sekondari wote wako juu ya baiskeli siku zote za mwaka.

Na ukimwona mtu amekaa juani pembeni mwa baiskeli yake, usipite ukidhani amelewa. Simama, mwulize jina lake. Akishindwa kulitaja sawasawa, mtafutie kivuli na maji kwanza. Maswali mengine yatafuata.

VIJANA SITA

Vijana wale walirudi ofisini baada ya wiki tatu. Wamehamisha safari yao kutoka Oktoba hadi Julai, wakati jua la kwetu lina huruma kidogo. Wataondoka saa 11 alfajiri, watalala njiani mara moja kwenda na mara moja kurudi, na mjomba wa mmoja wao atafuata nyuma kwa pikipiki akiwa na madumu mawili ya lita 20. Wameanza kuomba usajili wa klabu, na wameandika katika orodha yao vituo vyote vya maji, kijiji kwa kijiji, wakiweka alama penye kisima kinachofanya kazi na penye kilichoharibika. Orodha hiyo tumeiomba nakala, kwa kuwa inamfaa pia Mhandisi wa Maji.

Barua yao ya utambulisho imekwisha kutiwa saini. Mkazi mwingine mwenye nia kama hiyo afike kwa Afisa Mtendaji wa Kata yake au katika Kitengo cha Mawasiliano, Makao Makuu ya Halmashauri, siku yoyote ya kazi. Tutamuuliza maswali mawili ya kwanza: atabeba maji kiasi gani, na nyumbani wanajua anakokwenda?